Nani Alileta Chawa? Historia ya Kimelea Kidogo katika Ziwa Victoria

Mwezi wa Januari, nikiwa likizoni nyumbani karibu na Jinja, niliitwa kwenye kikao cha mwalo wetu. Sikuitwa kwa sababu ya umri, maana mbele ya wazee wale mimi ni mtoto. Mwandishi wa kumbukumbu alikuwa mgonjwa, na mwalo wetu una watu wa lugha nyingi: Wasoga, Waganda, Wajaluo kutoka Kenya na Wasukuma wachache kutoka upande wa Tanzania. Vikao vyake huendeshwa kwa Kiswahili. Kwa kuwa nasoma historia na Kiswahili chuoni, nilipewa daftari na kalamu.

Shauri lilimhusu mjomba wangu. Ana vizimba vinne vya kufugia sato, na alivijenga kwa mkopo uliowekewa rehani shamba la bibi. Wiki moja kabla ya kikao, mnunuzi alikataa samaki wake. Alikuta madoa mekundu kwenye ngozi zao na vidudu bapa vimenata karibu na mapezi. Kabla ya jua kutua, habari ilikuwa imeenea mwalo mzima. Wavuvi wa nyavu wakasema wao pia wameanza kuona chawa kwenye samaki wao, na kwamba vizimba ndivyo vilivyowaleta. Walitaka viondolewe.

Mzee mmoja, mvuvi tangu ujana wake, alisimama akasema, "Sisi ngege tulimvua safi. Chawa hawa wameletwa." Mjomba akajibu, "Mzee wangu, mimi nilileta vifaranga. Chawa sikuleta." Baada ya hapo mwenyekiti akanigeukia: "Mwanangu, wewe unasoma historia. Tuambie basi, nani alileta chawa?"

Sikuwa na jibu. Kikao kiliahirishwa hadi baada ya Pasaka. Nilirudi chuoni na swali lile, na insha hii ndiyo jibu langu. Hoja yangu ni kwamba chawa wa samaki ni mkazi wa zamani wa maziwa yetu, aliyeandikwa vitabuni miongo mingi kabla ya kizimba cha kwanza, na kwamba kosa la mwalo wetu lilianzia katika swali lenyewe.

Chawa ni nani?

Mwanahistoria akipewa kesi ya mtu, kwanza hutaka kumjua mtu huyo. Nilichukua chawa wachache katika chupa ya spiriti, na rafiki yangu anayesoma zuolojia akawatazama kwa hadubini. Jambo la kwanza alilonisahihisha ni kwamba hawa si wadudu. Ni krasteshia, ukoo mmoja mpana na kaa na kamba.

Katika maji yetu baridi kuna vimelea kadhaa vya ukoo huo. Argulus ni bapa na wa mviringo, anapitisha mwanga, na akitulia juu ya samaki unaweza kudhani ni gamba. Ana macho mawili meusi, na chini ana vikombe viwili vya kufyonza anavyoshikia ngozi. Hutoboa ngozi kwa mwiba mdogo na kujilisha damu na majimaji. Kidonda anachoacha huwa mlango wa kuvu na bakteria. Dolops ni ndugu yake, ila yeye hushika kwa kulabu badala ya vikombe. Lernaea ni tofauti kabisa: jike, baada ya kupandwa, huzamisha kichwa chenye umbo la nanga ndani ya nyama ya samaki, na sehemu ya nje huonekana kama uzi wenye mifuko miwili ya mayai. Lamproglena hukaa ndani ya matamvua, yale mashavu mekundu ambayo samaki hupumulia.

Wa mjomba alikuwa Argulus. Jambo moja katika maisha yake lilikuja kuwa muhimu sana kwa hoja yangu. Jike halitagi juu ya samaki. Humwacha samaki, huogelea, na kubandika mayai yake kwa safu juu ya kitu kigumu kilichomo majini, kama jiwe au mti. Watoto wakianguliwa hutafuta samaki wa kumshika. Kwa hiyo chawa huyu anahitaji vitu viwili: mahali pagumu pa kutagia na samaki aliye karibu.

Ushahidi wa maandishi

Mwaka 1890 msafara wa Emin Pasha uliondoka Bagamoyo kuelekea maziwa ya bara. Ndani yake alikuwemo Franz Stuhlmann, mwanazuolojia Mjerumani. Miongoni mwa viumbe alivyoviandikia katika miaka hiyo yumo yule chawa mwenye kulabu, ambaye leo huitwa Dolops ranarum. Neno la pili ni la Kilatini na maana yake ni "wa vyura". Lakini huyu si chawa wa vyura. Wenyeji wake wa kawaida ni samaki, akiwemo kambare. Jina limebaki hivyo hivyo kwa sababu kanuni za kutaja viumbe huheshimu jina la kwanza hata kama limepotosha.

Nilikaa sana na jina hilo. Darasani tunafundishwa kwamba hati ya kwanza si lazima iwe hati ya kweli. Hapa nilipata mfano unaotambaa. Hati ya Stuhlmann inaaminika inaposema kwamba kiumbe huyu alikuwepo. Haiaminiki inapodokeza, kwa jina tu, kwamba ni wa chura. Mvuvi yeyote aliyewahi kumpasua kambare angeweza kumsahihisha, lakini jina lilikuwa linaandikwa mbali na mitumbwi.

Mwaka 1900 Mjerumani mwingine, Johannes Thiele, alitoa jina la Argulus africanus, mmoja wa chawa walioenea zaidi katika bara letu. Miaka michache baadaye, kati ya 1904 na 1905, Mwingereza William Cunnington aliongoza msafara wa tatu wa utafiti wa Tanganyika, uliogusa pia Nyasa na Victoria. Watu wa wakati huo walikuwa wakibishana kama Tanganyika liliwahi kuwa sehemu ya bahari, hivyo kila kiumbe cha majini kilikuwa shahidi. Mwaka 1913 Cunnington alichapisha ripoti maalumu juu ya chawa wa samaki, na kutokana nayo tunajua kwamba Tanganyika lina aina nyingi za Argulus.

Ripoti hizo zina majina ya Wazungu waliokusanya na waliotaja. Wale waliovua samaki, waliobeba chupa na walioonyesha mahali pa kutega hawana majina. Sidai kwamba walijua kila kitu, ila nasema kwamba tunapouliza historia ya chawa leo, nusu ya mashahidi hawakuandikwa.

Jinja, 1957 hadi 1961

Ushahidi mzito zaidi nilikuta umeandikwa mji uleule ninaotoka. Mwaka 1947 lilianzishwa Jinja shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki nzima, wakati Uganda, Kenya na Tanganyika zikiwa bado chini ya Waingereza. Mwaka 1957 alifika hapo mtafiti aitwaye Geoffrey Fryer. Alikuwa tayari amefanya kazi Ziwa Nyasa, na mwaka 1956 alikuwa ametoa ripoti juu ya krasteshia vimelea wa samaki wa ziwa hilo. Jinja aliendelea na kazi ileile. Mwaka 1961 ilichapishwa London makala yake ndefu kuhusu krasteshia vimelea wa samaki wa Ziwa Victoria na Nile ya Victoria, yaani mto unaotoka ziwani hapo hapo kwetu.

Argulus na Dolops wamo. Fryer anawaonyesha kuwa wakazi wa kawaida wa ziwa, wasiochagua sana mwenyeji. Aliwachunguza kwa makini kiasi kwamba mwaka 1960 alitoa makala nzima kueleza namna dume la Dolops linavyompa jike mbegu zake katika kifuko.

Mjomba alijenga vizimba vyake miaka mitano iliyopita. Uganda yenyewe, ufugaji wa vizimba ulianza kuenea katika miaka ya 2000. Makala ya Fryer imevitangulia vizimba vya kwanza kwa zaidi ya miaka arobaini, na majina ya Wajerumani kwa zaidi ya miaka mia. Kama swali ni nani alileta chawa ziwani, basi mjomba hana hatia.

Mzee alidanganya?

Hapo ningeweza kufunga faili na kushangilia. Lakini yule mzee si mwongo, namfahamu. Alisema ngege wake walikuwa safi, na mwanahistoria hawezi kutupa ushahidi wa mtu aliyekuwepo kwa sababu tu haukubaliani na karatasi.

Nilipompigia simu nikamwuliza taratibu, alinieleza mambo ambayo kikao hakikumpa nafasi ya kuyasema. Zamani, alisema, kidudu kikionekana juu ya samaki kilifutwa kwa kidole gumba na safari ikaendelea. Samaki wengi walikaushwa au kubanikwa, na moshi hauulizi habari za chawa. Hakukuwa na mnunuzi wa kuwageuzageuza samaki mmoja mmoja kwenye mwanga. Kwa hiyo "safi" aliyoisema mzee haikuwa na maana ya samaki asiye na chawa hata mmoja. Ilikuwa na maana ya samaki ambaye chawa wake hawakumharibia mtu siku.

Kilichobadilika ni macho yanayomtazama samaki. Tangu viwanda vya minofu vilipojengwa kuzunguka ziwa na samaki kuanza kupelekwa Ulaya, ngozi na nyama ya samaki vimekuwa jambo la karatasi na mihuri. Mwaka 1999 tulijifunza kwa uchungu: baadhi ya watu walivua kwa sumu ya kuulia wadudu, Umoja wa Ulaya ukafunga soko lake kwa samaki wetu, na mialo ikakauka fedha hadi soko lilipofunguliwa tena mwaka 2000. Tangu hapo mnunuzi wa Uganda ni mtu mwenye wasiwasi, na doa jekundu linatosha kumtia shaka.

Onyo ambalo halikusikilizwa

Nikiwa natafuta habari za chawa, nilikuta jambo ambalo sikulitafuta. Fryer huyuhuyu, mtu aliyehesabu kulabu na vikombe vya vimelea, ndiye aliyesimama kupinga mpango mkubwa kuliko yote katika historia ya ziwa hili. Miaka ya 1950 maofisa wa uvuvi wa Uganda walitaka kumwingiza sangara, samaki mkubwa mla samaki kutoka Ziwa Albert. Walisema furu, wale samaki wadogo wenye miiba ambao sisi huwaita nkejje, hawana faida, na kwamba sangara angewageuza kuwa minofu.

Mwaka 1960 Fryer aliandika katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki kwamba mpango huo ni hatari. Hoja yake haikuhitaji hesabu ngumu: samaki mla samaki huhitaji kula wengi ili anenepe kidogo, na kiumbe akishaachiwa ziwani hakuna anayeweza kumrudisha. Michael Graham, aliyefanya uchunguzi wa kwanza wa uvuvi wa ziwa hili mwaka 1927 na 1928, alikuwa naye ametahadharisha kuhusu kuingiza samaki wa aina hiyo bila utafiti.

Lakini mjadala ulikuwa umepitwa na wakati bila wenyewe kujua. Mwaka uleule wa 1960 sangara walionekana ndani ya ziwa. Baadaye ilikuja kufahamika kwamba walikuwa wameingizwa kimyakimya, pengine tangu 1954. Mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa waziwazi. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa amelijaza ziwa. Alileta fedha, viwanda na ajira, na hilo nisiliseme kwa kubana midomo, maana karo za wengi wetu zimetoka kwake. Lakini furu walitoweka kwa kiasi ambacho wataalamu hukadiria kuwa spishi zipatazo 200. Ngege wa asili naye, ambaye tayari alikuwa amechoshwa na nyavu za makila zilizoingia ziwani tangu 1905, nafasi yake ikachukuliwa na sato wa Nile, ambaye pia aliletwa kutoka kwingine.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ziwani kwetu mgeni alikuja, na baadhi ya wenyeji hawakupona. Chawa yeye alibaki. Kimelea kisichochagua mwenyeji hakipati msiba mkubwa samaki mmoja akiondoka, kwani huhamia kwa anayefuata.

Hapa ndipo nilipoona kosa la swali letu. Kwa sangara, swali la "nani alileta" lina maana, kwa sababu kweli aliletwa, kwa ndoo na kwa uamuzi wa watu. Mwalo wetu umeishi na historia hiyo kiasi kwamba kila jambo baya likitokea majini tunauliza aliyelileta. Kwa chawa, swali hilo linatupeleka kwa mtu asiyehusika na kutuficha jambo lenyewe.

Kuleta na kulea

Turudi kwenye mambo mawili ambayo Argulus anahitaji. Katika ziwa lililo wazi, mtoto wa chawa akianguliwa huenda asikutane na samaki kwa wakati, akafa. Katika kizimba, maelfu ya sato hukaa ubavu kwa ubavu, na chawa akimwacha mmoja anamkuta mwingine palepale. Mahali pa kutagia pia papo: mabomba, maboya, magogo ya kushikilia fremu, vyote vimelala majini mwaka mzima. Na matundu ya wavu, yanayomzuia sato asitoke, hayamzuii chawa. Anaweza kutoka akamshika sato wa nje, anayepita karibu kufuata mabaki ya chakula.

Kwa hiyo wavuvi wa nyavu hawakuota walipoona chawa wengi kuliko kawaida karibu na vizimba. Vizimba havikuleta chawa, lakini vimewalea. Herufi moja tu inatenganisha maneno hayo mawili, na mwalo mzima ulikuwa karibu kugawanyika juu ya herufi hiyo. Anayeshtakiwa kwa kuleta atajitetea, naye atakuwa na haki. Anayeambiwa kwamba analea bila kukusudia anaweza kukaa chini na kuuliza afanye nini.

Kikao cha pili

Baada ya Pasaka nilisoma mbele ya kikao muhtasari wa haya yote, kwa Kiswahili chepesi. Mjomba alifurahi nilipofika kwenye mwaka 1961 na akanuna nilipofika kwenye kulea. Kijana mmoja alipendekeza tumwage majini dawa ya kuogeshea ng'ombe, kwani inaua kupe na bila shaka itaua chawa. Kabla sijafungua mdomo, yule mzee alisimama. "Mwaka 1999 nilikuwa hapa," alisema. "Nilitupa samaki kwa kukosa mnunuzi, kwa sababu ya watu waliomwaga dawa. Nani anataka turudi huko?" Hakuna aliyejibu. Kumbukumbu ileile niliyoitilia shaka mwezi wa Januari ndiyo iliyotuokoa mwezi wa Aprili.

Yalikubaliwa mambo matatu. Mjomba apunguze idadi ya samaki katika kila kizimba. Nyavu na fremu zisafishwe kwa ratiba. Na zizamishwe mbao pembeni mwa vizimba ili chawa watage juu yake, kisha mbao zitolewe mara kwa mara na kuanikwa juani mayai yakauke. Njia hiyo ya mbao si uvumbuzi wangu, hutumiwa na wafugaji wa samaki wa mabwawa sehemu nyingi. Inafaa kwa sababu inatumia tabia ya chawa mwenyewe, tabia inayojulikana tangu zamani na watu waliokuwa na subira ya kumtazama.

Sijui kama shamba la bibi limeokoka. Mkopo bado upo, na sato wachache katika kizimba maana yake ni fedha chache msimu huu. Wiki iliyopita mjomba alinitumia picha ya ubao mmoja ukiwa umeanikwa, wenye mistari ya mayai mfano wa mshono wa cherehani. Aliandika maneno mawili tu: "Wako hapa."

Kwa wenzangu wanaosoma historia, nina ombi moja. Makala za Fryer na Cunnington zimo maktabani, kwa Kiingereza, na watu zinaowahusu zaidi hawajawahi kuzisikia. Mdharau mwiba mguu huota tende. Walioamua juu ya sangara waliwadharau furu kwa udogo wao, na sisi tulikaribia kumwondoa ndugu yetu ziwani kwa kutomjua kiumbe mwenye ukubwa wa punje ya dengu. Ujuzi wa kulijua ziwa letu upo, umegawanyika kati ya rafu za maktaba na vichwa vya wazee. Kazi yetu ni kuuleta kwenye kikao kimoja, kwa lugha ambayo kikao kinaielewa.